Kizuri Hakijiuzi Tena: Mwenye Kitalu na Mkata Miti, Toka Ulikojificha

Leo nimeweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Leo nina ugomvi na methali.

Methali yenyewe ni hii: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikimuuliza mwenye kitalu wa Mufindi au Rungwe mteja asiyemjua atampataje, ananijibu kwa methali hiyo. Nikimuuliza kijana wa Uyole au Ipogolo anayepogoa na kuangusha miti kwenye viwanja vya watu, jibu ni lile lile: "Kazi yangu wanaijua, bwana shamba. Kizuri chajiuza."

Mimi nasema katika biashara ya miti methali hiyo imepitwa na wakati. Anayeendelea kuishika anajiumiza mwenyewe, na vibaya zaidi anamuumiza mteja. Nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Soko limehama, wewe umebaki

Zamani mnunuzi wa miche alikuwa jirani. Alipita njiani akaona miche yako imesimama vizuri, akakumbuka miti uliyompandia mjomba wake, akaingia kununua. Kwa soko lile macho yalitosha, na methali ilikuwa kweli.

Angalia sasa. Shamba la Miti Sao Hill, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), liko Mufindi, na ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Mwaka 2014 ilianza programu ya Panda Miti Kibiashara, kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, na vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini vikaunda vikundi vya wakulima wa miti. Watu wa Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya mjini wamenunua mashamba Kilolo, Mufindi na kwingineko. Wanataka miche, watu wa kupanda, watu wa kupogoa, na baadaye watu wa kuvuna na kuchana mbao. Watu hawa hawapiti mbele ya kitalu chako.

Piga hesabu. Ukipanda msindano kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche ipatayo 450. Mtu mwenye ekari 20 anahitaji miche 9,000, bado ya kurudishia ile itakayokufa. Mtu huyo amekaa sebuleni kwake, anashika simu, anaandika: "miche ya paini Mafinga". Majina yanamjia. Lako halimo.

Mjini ni hivyo hivyo. Mama mmoja wa Iringa ana mkaratusi mkubwa umeinamia bati la nyumba yake, na mvua za Novemba zinakaribia. Hamjui fundi yeyote. Anaandika kwenye simu: "mtu wa kukata mti Iringa". Wewe una msumeno wa mnyororo, kamba, na uzoefu wa miaka. Simu haikujui.

Anapatikana nani basi? Anapatikana aliyejiandika. Kibaya kimejitembeza mpaka mfukoni mwa mteja, na kizuri kimekaa kijijini kinasubiri kusifiwa.

Anayeumia ni nani?

Kama hasara ingekuwa yako peke yako nisingepoteza muda wangu. Biashara ni yako, ukitaka kulala, lala. Lakini mti una tabia moja inayoutofautisha na nyanya: kosa lake huchelewa kuonekana.

Mche wa parachichi uliobebeshwa vizuri, kwa kikonyo kilichotoka kwenye mti mama unaojulikana, huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi. Ule uliookotwa kokwa lake jalalani na kuuzwa kwa jina la Hass, mkulima ataupalilia, ataumwagilia, ataulindia na moto, na miaka itapita kabla hajajua kwamba ameuziwa kitu kingine. Msindano ni mbaya zaidi. Mbegu ikiwa ya kuokoteza, upindaji na matawi makubwa utayaona vizuri miti ikishafika miaka kadhaa. Wakati huo muuzaji ameshabadilisha laini ya simu mara tano.

Kwenye kuangusha miti hasara haingoji. Kijana aliyekodi msumeno jana, hana kofia ngumu, hana kamba, hajui mti unaangukia wapi, anaweza kuulaza juu ya nyumba au juu ya nyaya za TANESCO. Hapo tunazungumzia roho za watu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeijua kazi, ukijificha usidhani huo ni unyenyekevu. Umemwachia uwanja mwongo. Mteja aliuliza kwa nia njema, ukanyamaza wewe, akajibiwa na yeye.

Sababu mnazonipa

*"Wateja wangu wananijua."* Wanaokujua wanakujua. Mimi nawasemea wasiokujua, ambao ni wengi zaidi na ndio wanaonunua miche kwa maelfu. Wanaokujua wakishapanda, watarudi baada ya miaka mingapi?

*"Dalali ananiletea wateja."* Sina chuki na madalali, wengine ni watu waaminifu. Lakini jiulize anacholipwa analipwa kwa kazi gani. Kazi yake ni kupatikana. Namba yake ipo, yako haipo. Dalali anakula kwenye kazi uliyoikataa mwenyewe. Na ndiyo maana mkulima asiye na njia ya kumfikia mnunuzi anauza msitu wa miaka 8 ukiwa umesimama, kwa bei aliyopangiwa, wakati miti ingesubiri ingetoa mbao nene.

*"Nikijitangaza TRA wataniona."* Hili mnalisema kwa kunong'ona, mimi nalisema kwa sauti. Biashara inayoogopa kuonekana na serikali itaonekanaje na mteja? Chukua TIN, sajili jina la biashara BRELA, ulizia leseni halmashauri. Mfanyabiashara mdogo ana utaratibu wake wa kodi ya makadirio; nenda ofisi ya TRA uulize kiwango chako badala ya kusikiliza hadithi za kijiweni. Mnunuzi mkubwa, shule, kiwanda au kampuni, atakudai risiti. Bila hiyo utabaki kuuza kwa dalali maisha yako yote.

*"Mimi nipo WhatsApp."* Vizuri. Lakini picha unayoweka kwenye status inapotea baada ya saa 24, na anayeiona ni yule aliyehifadhi namba yako. Kundi la WhatsApp nalo ni chumba kilichofungwa mlango. Google haiingii humo, na mteja mgeni haingii humo. WhatsApp ni mahali pa kumalizia mazungumzo na mteja. Pa kumpatia mteja mpya ni pengine.

Jihadharini na wauza "namba moja"

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna watu wameshaunusa usingizi wenu. Anakuja kijana na laptop: "Mzee, nipe hela kidogo, nakuweka namba moja Google. Nakuongezea nyota mia. Nakuingiza kwenye akili mnemba."

Sikiliza vizuri. Google yenyewe inatamka wazi kwamba hakuna njia ya kuomba wala kulipia nafasi bora kwenye matokeo ya biashara za eneo. Inaangalia mambo matatu: kama huduma yako inalingana na alichouliza mteja, umbali kati yenu, na jinsi biashara inavyojulikana na kusifiwa. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huandikwa wazi kuwa ni matangazo, na ukiacha kulipa yanatoweka. Anayekuuzia "namba moja ya kudumu" anakuuzia hewa.

Anayekuuzia nyota za uongo anakuuzia sumu. Maoni ya kununua yamekatazwa, hata kumpa mteja zawadi ili aandike maoni kumekatazwa. Yakigundulika yanafutwa, na biashara yako inaweza kuzuiwa kuonekana.

Kuna wizi mwingine wa kimya kimya. Kijana anakufungulia ukurasa wa biashara kwa barua pepe yake mwenyewe. Siku mkigombana, au akihamia Tunduma, ukurasa unabaki mikononi mwake pamoja na maoni yote ya wateja wako. Anaweza kubadilisha namba ya simu akaweka ya mshindani wako. Mlipe kwa kazi ya kukusaidia, ni halali yake. Lakini barua pepe iwe yako, nywila iwe yako, yeye muweke kama msaidizi unayeweza kumwondoa.

Akili mnemba haijawahi kufika Kilolo

Wengi mnaniuliza kuhusu ChatGPT, Gemini na wenzao. Kweli, watu sasa wanaziuliza kama wanavyomuuliza rafiki: "Naomba unitajie mtu wa kuaminika wa kupogoa miti Mbeya." Na zinajibu kwa maneno mazuri, bila kusitasita.

Lakini akili mnemba haina macho. Haijapanda daladala ya Kilolo, haijashika udongo wa Tukuyu. Inachojua ni kilichoandikwa mahali inapoweza kusoma. Kama hakuna aliyeandika kuhusu vitalu vya Mufindi, itajibu kwa habari za Kenya au Marekani, au itabuni jina ambalo halipo. Na mteja ataamini, kwa sababu imeandikwa kwa lugha safi.

Hapa ndipo penye nafasi yetu. Kwa mkata miti wa mji mkubwa wa Marekani, kuna mamia ya washindani walioandika kila kitu. Hapa kwetu, mtu mmoja akiandika kwa Kiswahili, kwa ukweli na kwa ukamilifu, kuhusu kupogoa miti Mbalizi au miche ya misindano Mafinga, anaweza kuwa ndiye chanzo chenyewe. Wa kwanza kuandika vizuri ndiye atakayenukuliwa. Je, unataka awe wewe au awe yule wa kokwa za jalalani?

Fanya haya, na ufanye wiki hii

1. Fungua Google Business Profile. Ni bure. Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye kibao na kwenye usajili. Ukiandika "Juhudi Miche Bora Bei Nafuu Parachichi Hass Mbeya" wakati jina lako ni Juhudi, umevunja masharti. Chagua aina ya biashara inayokuhusu hasa: kitalu cha mimea, huduma za miti, au kiwanda cha mbao. Utatakiwa kuthibitisha, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha mahali, vifaa na kwamba wewe ndiye mhusika.

2. Sema ukweli kuhusu mahali. Mwenye kitalu aweke alama kwenye ramani pale pale kilipo kitalu. Kama hakuna jina la mtaa, tumia Plus Code ya Google, msimbo mfupi unaoonyesha hata shamba lisilo na barabara yenye jina. Kama eneo lako lilipewa namba katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iandike pia. Sanduku la posta halikubaliki kama mahali pa biashara. Mkata miti asiye na ofisi asidanganye kwamba yuko katikati ya mji. Achague maeneo anayohudumia na kuficha anwani ya nyumbani. Maeneo hayo yasizidi mwendo wa gari wa saa mbili hivi kutoka ulipo. Wa Mafinga aandike Mafinga, Iringa na Makambako. Asiandike Tanzania nzima.

3. Jina moja, namba moja, kila mahali. Kibao, ukurasa wa Facebook, WhatsApp Business, risiti, Google: viandikwe vile vile. Ukibadilisha laini, badilisha kote siku hiyo hiyo. Namba isiyopatikana ni mbaya kuliko kutokuwepo. Kama inapatikana kwako, jisajili pia kwenye Bing Places ya Microsoft, nayo ni bure, maana baadhi ya programu za akili mnemba hutafuta kupitia Bing.

4. Andika kwa maneno ya mteja. Mmoja anasema msindano, mwingine paini. Mmoja mkaratusi, mwingine mlingoti. Weka yote. Andika huduma moja moja: kupogoa, kuangusha mti hatari, kung'oa kisiki, kuchana mbao kwa dingdong, miche ya kubebesha. Andika bei, hata kama ni "kuanzia". Neno "njoo inbox" linamfukuza mteja na halimwambii chochote anayetafuta. Na maandishi yawe maandishi. Bango zuri lenye maneno ndani ya picha linasomeka kwa shida na mashine.

5. Jibu maswali unayoulizwa kila siku. Miche ipandwe mwezi gani? Mbegu umeitoa wapi? Miche ya parachichi imekaguliwa na nani? Nikikata mti wangu nahitaji kibali gani kusafirisha mbao? Nyaya za umeme zikiwa karibu nani anaitwa kwanza? (Jibu: TANESCO, kabla ya kuwasha msumeno.) Kila jibu aya moja. Majibu hayo ndiyo mteja anayoyatafuta, na ndiyo akili mnemba inayoyaokota.

6. Piga picha za kazi halisi. Mti kabla na baada ya kupogolewa. Kikonyo kinavyofungwa. Kijana wako akiwa na kofia, kinga ya macho na kamba. Picha ya kuiba mtandaoni inajulikana. Na kabla ya kuweka picha ya mteja au nyumba yake, muombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi.

7. Omba maoni kwa kila mteja, mzuri na mgumu. Simu janja ya Android kwa kawaida ina akaunti ya Google, hata kama mwenyewe hajui. Mtumie kiungo siku ulipomaliza kazi, mwombe aeleze ulimfanyia nini na wapi. Akilalamika, mjibu kwa heshima na useme utakachorekebisha. Wasomaji wanapima tabia yako hapo kuliko kwenye sifa.

Ambaye hana simu janja au mtandao unamsumbua, asikate tamaa. Kikundi cha wakulima wa miti kinaweza kuwa na ukurasa mmoja, mtu mmoja wa kupokea simu, na orodha ya wanachama kwa kijiji. Vikundi vilivyo chini ya umoja wa wakulima wa miti, TTGAU, tayari vina mahali pa kuanzia. Mtaji wa mwanzo ni jioni mbili na bando la kawaida.

Neno kwa ofisi zetu

Siwezi kumsema mkulima nikaziacha ofisi. Halmashauri zinaweza kuwa na orodha ya vitalu vilivyokaguliwa. TFS ina wataalamu wa mbegu za miti. Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu (TOSCI) ina kazi ya kulinda ubora. Orodha ikikaa kwenye faili kabatini inamlinda nani? Mkulima anayeuliza saa mbili usiku hawezi kufungua kabati.

Nadai jambo moja dogo: kila halmashauri ya Mbeya na Iringa iweke kwenye tovuti yake orodha ya vitalu vilivyokaguliwa, kwa maandishi, ikiwa na kijiji, namba ya simu ya biashara na tarehe ya ukaguzi, kwa ridhaa ya wenyewe. Haihitaji mradi wala semina. Mnunuzi atapata pa kuhakikishia, mwenye kitalu mwaminifu atapata ushahidi wa serikali wa kuelekeza wateja, na mashine zitapata kitu cha kweli cha kusoma. Kumfundisha mtu kuotesha mche bora kisha kumwacha auze gizani ni ugani wa nusu.

La mwisho

Hakuna simu itakayonyoosha mche uliopinda. Kama kazi yako ni mbovu, kuonekana kutakuumbua haraka zaidi, na itakuwa vyema. Maneno haya nawaandikia wale ambao kazi yao ni nzuri na wanadhani hilo linatosha.

Halitoshi. Msimu huu mtu ataingia hasara ya miaka kumi kwa sababu aliuliza na wewe hukuwepo kujibu. Kizuri hakijiuzi tena. Kizuri nacho kijitembeze, kwa jina lake halisi, mahali pake halisi na bei yake halisi. Mvua hazijaanza. Jiandike sasa.